Isale Lililotangulia Ulaya

Mlikuwa wapi? Nawauliza nyinyi mnaofungua ukurasa huu leo kana kwamba jana mlikuwa hapa. Wiki nne hakuna aliyeniandikia, hakuna aliyepita hapa kwetu Mkuu siku ya soko akasema ngoja nichungulie kwa Bibi Priska nione kama bado anapumua. Waume zenu wameacha pombe wote kwa siku moja? Wakwe zenu wamekuwa malaika? Mwalimu Damian, jirani yangu mstaafu, ndiye anayenisomea barua na kuandika ninayosema, kwa sababu mimi shule niliiona kwa nje nikipita na mzigo wa majani kichwani. Kila Jumanne amekuja na kalamu yake, amekunywa chai yangu, ameangalia kuku, ameondoka. Aibu ni yenu, si ya kuku.

Lakini nisiseme uongo. Barua moja ilikuwepo. Ilifika mapema nikaiweka chini ya godoro, na kwa nini niliilalia mtajua mkisoma. Leo naitoa kwa ruhusa ya wenyewe. Majina nimeyabadilisha yote, hata la ng'ombe. Masama nimeiacha ilivyo, maana Masama ni kubwa. Haya, Damian, waandikie alivyoandika.

*

Bibi Priska, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho hata ukichukia katikati, maana kila niliyejaribu kumwambia habari hii amenikatiza, ama kwa kunifariji ama kwa kunisifu, na vyote viwili vimenichosha.

Naitwa Ndelilio, nina miaka arobaini na minne, kwetu ni Masama, naishi Moshi mjini, nafundisha sanaa katika chuo cha ualimu, naandika vitabu na makala, na mimi mwenyewe ni msanii, ila si wa kuchonga wala kupaka rangi wala kuimba, sanaa yangu wenyewe tunaiita sanaa ya dhana, yaani wazo ndilo kazi, mtu anafanya tendo moja mbele ya watu ili waone jambo walilozoea kulipita bila kuliona, kwa mfano mwaka mmoja nilifagia mzunguko wa mnara wa saa pale mjini kutoka asubuhi hadi jioni nikiwa nimevaa joho langu la mahafali, watu wakasimama, wengine wakasema nimerukwa na akili, mama mmoja mfagiaji akaja akasimama karibu yangu akalia, na baba yangu, marehemu Mzee Ezra, aliposikia aliniuliza swali moja tu, "Na palitakata?" nikamwambia palitakata, akasema, "Basi umefanya kazi." Nimeandikwa magazetini, nimeandikwa vitabuni, lakini sijasifiwa hivyo tena na mtu yeyote.

Kazi iliyonipa jina inaitwa Radhi. Unajua mwenyewe isale lilivyo kwetu Wachagga, mtu akikukosea akaja na jani la isale amelifunga fundo, hata kama alikuchomea nyumba unalipokea, na ukishalipokea yamekwisha. Basi nikawaza, vipi nikiwapelekea isale watu ambao hakuna aliyewahi kuwaomba radhi, nikampelekea mjane aliyefukuzwa na shemeji zake, nikapiga magoti nikamwomba radhi kwa niaba yao, nikampelekea mpagazi aliyeachwa mlimani akiwa mgonjwa na wenzake wakaendelea kupanda, nikampelekea mwalimu mzee ambaye wanafunzi wake wote wamekuwa wakubwa na hakuna anayemjulia hali, miaka tisa nikaenda kwa watu, kamera nyuma yangu, nikaandika kitabu juu ya safari hizo, wanafunzi wangu wakakisoma, na mwishowe nikaalikwa Ulaya nikaifanye kazi hiyo katika ukumbi mkubwa wa maonyesho.

Baba alikufa Jumatatu, mimi nikiwa huko tayari, asubuhi amekunywa uji na mchana hayupo. Mdogo wangu Eliamini, kitinda mimba wetu, yeye ndiye aliyebaki nyumbani na baba, akanipigia akasema, "Dada, tunakusubiri. Tulitaka Alhamisi, lakini ukisema Jumamosi ni Jumamosi." Bibi, nafasi ilikuwepo kwenye ndege ya Jumatano. Waandaaji walinitafutia wao wenyewe, wakaniambia nenda kamzike mzazi wako, sisi tutaelewa. Maonyesho yalikuwa yanafunguliwa Ijumaa jioni, nilikuwa nimeyangoja maisha yangu yote, na nikamwambia Eliamini ndege zimejaa, labda nitapata ya Ijumaa asubuhi. Wakamwacha baba mochwari siku mbili zaidi kwa ajili yangu, ukoo ukala ukalala ukangoja, mchungaji akahamisha ndoa ya watu, na Jumamosi saa nane mchana, kabla udongo haujakauka mvua ya asubuhi, Eliamini akashika koleo.

Saa ile ile mimi nilikuwa ukumbini. Nikawaambia wale watu kwa Kiingereza kwamba hivi sasa baba yangu anashushwa kaburini, kwamba ndege ilikuwepo, kwamba nilimdanganya mdogo wangu, nikapiga magoti mbele ya kila mmoja nikampa isale nikimwomba anisamehe. Wakalia. Nami nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, naapa, lakini hata nilipokuwa nalia kulikuwa na jicho moja ndani yangu limekaa pembeni linaangalia jinsi taa inavyoniangukia usoni.

Nilipewa tuzo. Miezi miwili baadaye binamu yetu wa Dar akaiweka ile video kwenye grupu la ukoo, akaandika, "Hongera sana dada Ndelilio, umetuwakilisha!" na wengine wakaweka makofi. Eliamini alisoma mpaka kidato cha nne, Kiingereza anakisikia vizuri. Alitoka kwenye grupu.

Desemba nilipanda Masama. Nikakata isale kwenye mpaka wa kihamba cha baba mwenyewe, lile shamba alilotulelea, nikalifunga fundo, nikapiga magoti mlangoni. Eliamini akatokea bandani na ndoo ya maziwa, akanitazama, akasema, "Leo tunaigiza nini, Mwalimu?" Hajawahi kuniita Mwalimu, ananiita dada. Nikasema mdogo wangu, nimekuja kwako. Akatazama nyuma yangu, akatazama kwenye migomba kulia na kushoto, akauliza, "Kamera iko wapi?" Nikasema hakuna kamera. Akasema, "Basi hakuna kazi," akanipita na maziwa yake. Mkewe Eva akaniinua akaniambia, "Wifi, inuka, sakafu ina baridi," na hilo ndilo neno jema pekee nililopata siku ile.

Sasa nakuambia ambalo sijamwambia mtu. Kamera kweli haikuwepo. Lakini simu ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu, na ilikuwa inarekodi. Sikupanga, au nilipanga, sijui, kidole kilibonyeza chenyewe nilipokuwa nashuka kwenye bodaboda, ni mazoea ya miaka mingi, siendi kwa mtu bila kurekodi. Ninayo mpaka leo, dakika tatu na nusu, naisikiliza nikipika, naisikiliza nikioga, nasikia magoti yangu yakigusa sakafu na nasikia ndoo, na kibaya kuliko vyote, Bibi, ni kwamba kila nikiisikiliza naona ni kazi nzuri.

Tangu hapo sifai kwa lolote. Januari niliingia darasani, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza, "Madam, msanii anajuaje kama anachofanya ni cha kweli?" nikaweka chaki mezani nikatoka, na sijarudi, chuoni wanajua naumwa. Siandiki. Nilichoma madaftari mawili, la tatu nikaliacha kwa sababu nilijikuta nafikiria karatasi zinavyojikunja kwenye moto zingependeza kwenye picha. Eva ananiambia kaburi la baba mpaka leo ni matofali matupu, saruji ipo stoo, ukoo umemwambia Eliamini alisakafie akasema hana nafasi, nami najua anafanya hivyo makusudi ili kila anayepita aione aibu yangu.

Hata barua hii nimeiandika mara tatu nikitafuta sentensi iliyo nzuri zaidi. Sijui tena kama najuta au natengeneza kazi inayoitwa kujuta. Nikijichungulia ndani naona ukumbi tu, viti vimepangwa, mwenye nyumba hayupo. Nakuuliza mambo mawili. Je, niache vyote, sanaa, kalamu na darasa? Na mtu aliyemaliza isale lake lote kwa wageni, nyumbani kwao anakwenda na nini?

Ndelilio, Moshi

*

Damian alipofika pale pa simu nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Halafu nikamwambia funga, nenda kwako, leo mdomo wangu si wa kuandikwa.

Wewe binti, wewe ni mtu wa namna gani? Uongo wa ndege ukampa mdogo wako, ukweli ukawapa Wazungu. Sawa, hilo limepita. Halafu hili la simu ukalileta kwangu, bibi wa gazetini, ili mimi nimwambie mkoa mzima, watu wafungie maandazi habari zako, na Eliamini aje alisome kwenye karatasi ya maandazi! Yeye tena awe wa mwisho! Huoni kwamba ni kosa lile lile umelivalisha nguo nyingine? Uliumwa na nyoka shimo hili, ukaenda ukatafuta shimo jingine la nyoka huyo huyo.

Ndiyo sababu barua yako niliilalia wiki nne. Nilimwambia Damian akupigie, aseme hivi: nenda kwa Eliamini, mwambie habari ya simu uso kwa uso, ukishamwambia nitakujibu, usipokwenda barua hii nawashia jiko, na ni karatasi nzuri, itawaka.

Ukaenda. Nakupongeza kidogo, si sana. Ujumbe uliomletea Damian nautoa hapa, na safari hii aliyeulizwa kwanza ni Eliamini. Eva anasema alijibu, "Waandike, ila wasinitie maneno mazuri mdomoni." Hatutamtia.

"Bibi, nilimkuta bandani anamkamua Zawadi. Nikasema, Eliamini, siku ile simu ilikuwa mfukoni inarekodi. Hakugeuka. Akamaliza kukamua, akasimama, akasema, 'Washa.' Tukasikiliza wote wawili mpaka mwisho, hata pale anapouliza kamera iko wapi na mimi nasema hakuna. Ilipokwisha akasema, 'Futa.' Nikafuta anaona. Akasema, 'Na ile ya Ulaya utaifutaje?' Akabeba ndoo akaingia ndani. Eva aliniletea chai, nikainywea nje. Niliondoka hajaniaga. Bibi, nilidhani nikisema ukweli nitapumua. Sijapumua."

Nani alikuambia utapumua? Ulikwenda kumpa chake, hukwenda kununua pumzi.

Sasa tuzungumze. Ile ya Ulaya haifutiki. Damian ameuliza watu wanaojua mambo ya simu, wamesema ikishasambaa imesambaa. Waandikie wenye ukumbi waiondoe kwao. Wakikubali vyema, wakikataa utaishi nayo kama watu wanavyoishi na jicho moja. Sitakudanganya, mwanangu, sina umri wa kudanganya. Baba yako alizikwa mara moja na hukuwepo. Hakuna jani la kulirudisha hilo, hakuna mchungaji, hakuna bibi. Unangoja ifike siku ambayo jambo hilo litakuwa halijatokea. Nami nakuambia, huku uzeeni siku hiyo haipo. Nimeitafuta.

Maana nina yangu. Watu husema isale halikataliwi. Linakataliwa. Mimi nililikataa.

Mwanangu wa pili alichukuliwa na surua, alikuwa anaanza kutembea. Mdogo wangu Epifania alikuwa Tarakea, anafanya biashara ya mahindi pale mpakani. Nilimpelekea habari. Akaja siku ya nne, watu wameshatawanyika, soko limeshapita. Mkono mmoja una isale, mkono mwingine bado una kapu la soko. Mimi jani sikuliona. Niliona kapu. Nikamgeuzia mgongo nikaingia ndani nikafunga mlango, akaliweka jani juu ya jiwe la mlangoni, akaenda zake.

Sikiliza sasa. Soko lililofuata nilifagia uwanja kutoka mlangoni mpaka njiani. Nikasema leo atapita, akifika nitamtukana kwanza, nimtukane mpaka ajute kuzaliwa tumbo moja na mimi, halafu nitampokea. Matusi nilikuwa nimeyapanga vizuri, moja baada ya jingine. Hakuja. Soko la pili nikafagia tena. Hakuja. Yeye huko anasema, nilikwenda akanikataa, shauri yake. Mimi huku nasema, safari moja tu? Mwanangu anatosha safari moja? Kila mmoja amekaa kwake anamngoja mwenzake awe mtu. Epifania akavuka mpaka kwenda kutafuta maisha upande wa pili, akaugua huko, akazikwa huko na watu ambao hata salamu ya kwetu hawaijui. Na matusi yangu ninayo mpaka leo, sijapata wa kumpa.

Kwa hiyo usinifundishe habari ya kukataliwa. Aliyekataa anafanya nini nyuma ya mlango, hilo mimi nalijua kuliko wewe na vitabu vyako.

Nilimwambia Damian ampigie Eva, amuulize kitu kimoja: banda la ng'ombe lina sakafu? Eva akasema lina sakafu nzuri, Eliamini aliimwaga mwenyewe mwezi wa pili, kwa mwiko wake. Umesikia? Saruji anayo, mwiko anao, mkono anao. Ng'ombe analala pakavu, baba yake yuko chini ya matofali matupu. Wewe uliyesoma umeona anakuaibisha. Mimi nisiyesoma naona mtu anayeshindwa kumaliza kaburi la baba wakati wewe, mkubwa wa watoto, hupo. Kwetu wa mwisho hamalizi peke yake, ni kama kuwafukia na wakubwa zake. Huenda nimekosea. Huenda ni hasira tu, na hasira ni haki yake. Lakini hilo halijulikani ukiwa umekaa Moshi unasikiliza simu, na sasa hata kwenye simu huna cha kusikiliza.

Unauliza kama majuto yako ni ya kweli. Sijui, na wala sitaki kujua. Zawadi akiletewa majani haulizi yamekatwa kwa moyo gani, anatafuna. Na hilo jicho linalokaa pembeni kukutazama ukilia, kwani unadhani ni lako peke yako, kwa kuwa una tuzo? Siku namlilia mume wangu, nimejitupa chini kabisa, niliona kitenge changu kimepinda nikakinyoosha. Wanawake waliokuwepo waliniona. Je, sikumpenda? Nilimpenda, mae! Nilimpenda na kitenge nikakinyoosha. Liache jicho litazame. Wewe mikono yako ifanye kazi.

Usiache sanaa. Sikuelewa yote, Damian alinieleza mara mbili, lakini pale pa kufagia nimekupenda sana. Mzee Ezra alikuwa na akili. Ila kosa lako ni hili, ulidhani kila ulicho nacho ni bidhaa. Mimi nimeuza ndizi soko la Mkuu tangu kabla hujazaliwa, nimeuza mishare ya kupika, nimeuza za kukaanga, nimeuza hata mgomba wenyewe. Lakini mgomba alioupanda mama yangu pale nyuma ya jiko, mkungu wake sijawahi kuushusha sokoni, hata mwaka ule tulipolala na njaa. Tunakula sisi. Ukibaki tunampa jirani. Hakuna aliyenikataza, nilijua tu. Wewe ulishusha hata mkungu huo, ukaupeleka mbali, wakaushangilia, ukarudi nyumbani hakuna kitu mezani.

Jumatatu rudi darasani. Ugonjwa wako nimeuona, haulali kitandani. Wazazi wa watoto wale wameuza kahawa na maziwa ili wakusikilize wewe, siyo ili waangalie chaki. Yule aliyekuuliza msanii anajuaje kama anachofanya ni cha kweli, mwite umwambie hivi: "Sijui, na kwa kutojua nimemuumiza mtu." Basi. Halafu endelea na somo.

Jumamosi panda Masama. Isale usikate, yale ya baba yako yaache mpakani. Vaa nguo za shamba, zile ambazo huwezi kupigwa nazo picha. Simu mkabidhi Eva. Usiende mlangoni, zunguka bandani, mwambie, "Eliamini, nimekuja tusakafie." Usiongeze neno, nakujua, utataka kuongeza. Akikupa koleo, pokea. Akikuambia chota maji, chota. Akikuambia toka, toka, mwamkie Eva, kata majani ya Zawadi mzigo mmoja uyaache bandani, na Jumamosi inayofuata rudi. Akianza kukutukana, nyamaza mpaka yaishe. Ameyabeba muda mrefu, mwache ayatue, na yatakuwa mengi, na mengine yatakuwa ya kweli. Siku atakayokuwa na matusi na wewe hupo, hiyo ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu hiyo niliishi mimi.

Mara ngapi? Usiniulize mara ngapi. Anaweza asikupokee kabisa. Anaweza akasakafia siku wewe umeugua malaria hukwenda. Utakwenda tu. Na usiandike. Kitabu, makala, shairi, karatasi ya kufungia sabuni, hapana. Eliamini siyo somo. Ukishindwa kujizuia, njoo unisimulie mimi kwa mdomo, Damian tutamtoa nje akaangalie kuku.

Na uje kweli, maana uso wako sijauona, nimeona mwandiko tu, na wenyewe nimeuona kwa macho ya mtu mwingine. Ukifika usisimame getini kupiga hodi kama karani wa kata. Zunguka nyuma, ingia jikoni, kiburu kitakuwa kwenye sufuria, ndizi na maharage, nimekiponda mwenyewe. Chukua sahani ukutani, pakua ujaze, kaa chini ule kabla hujaniambia lolote. Na kama Eliamini atakuwa bado hajakusamehe, kula hivyo hivyo.